Efekti zinazochemka kwenye raki: pa kuanzia, pa kupima na pa kutengeneza

Kuna ugonjwa wa efekti, yaani vifaa vya kuongeza mwangwi na madoido mengine kwenye sauti, ambao mafundi wengi hatuupendi. Kifaa kinaletwa mezani, unakiwasha, kinatoa mwangwi safi kabisa. Unakiacha saa nzima, kinaendelea tu. Mwenyewe anaapa kwamba jana usiku kilimzimikia katikati ya wimbo wa tano. Unamrudishia, na baada ya wiki anarudi nacho, safari hii akiwa amekasirika.

Yamenikuta. Kilikuwa kifaa cha mwangwi cha kidijitali, cha yuniti moja, yaani kimo chembamba kabisa kwenye raki. Mara ya kwanza nilibadilisha regyuleta ya volti 5, kijenzi kinachoshikilia volti zisipande wala kushuka, kwa sababu bodi ilikuwa imegeuka kahawia chini yake. Mara ya pili nikaibadilisha tena, nikaongeza na kapasita mbili, vijenzi vinavyotunza umeme na kuusawazisha. Mara ya tatu nikamwambia mwenye mali aniletee raki nzima, lile sanduku la kupangia vifaa, kama ilivyo, na jibu likaonekana kabla sijashika bisibisi. Chini ya kifaa kile, bila hata upenyo wa kupitisha karatasi, palikuwa na preampu ya gitaa (kikuza sauti cha awali) yenye valvu nne za 12AX7, zile taa za kioo za kukuzia sauti. Nyuzi za kupashia za valvu nne za aina hiyo peke yake hula karibu wati 8, hujahesabu kitu kingine. Mezani kwangu kifaa kilikuwa kinapumua. Kwenye raki kilikuwa kimekalia jiko.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na raki, na kifaa chenyewe tutakifungua baadaye.

1. Andika kinachotokea, na kinatokea baada ya muda gani

Chukua karatasi. Andika saa uliyowasha, na saa tatizo lilipoanza. Muda huo unasema mengi kuliko jina la kifaa.

Kikizingua ndani ya dakika tano za mwanzo halafu kikatulia, mara nyingi ni kapasita zilizochoka. Kapasita za elektroliti zikizeeka hufanya kazi vibaya zaidi zikiwa baridi, na zikipata moto kidogo hujikongoja zikaendelea. Kifaa cha namna hiyo hukataa kuwaka asubuhi, unakizima na kukiwasha mara tatu, mara ya nne kinakubali. Wenye vifaa hivyo huzoea, wakadhani ndiyo tabia yake. Siku moja hakitakubali tena.

Kikizingua kati ya dakika 20 na 60, na kikapona ukikizima kwa robo saa, hapo ni joto hasa: regyuleta inayojikata yenyewe, chipu inayolemewa, au mguu wa kijenzi uliopasuka lehemu ambao chuma chake kikitanuka huachia. Zingatia na namna kinavyozingua. Skrini ikififia kwanza, tazama upande wa umeme. Sauti ikianza kukwaruza huku skrini na vitufe viko sawa, tazama upande wa sauti au chipu zinazobadilisha sauti kuwa tarakimu. Kikiganda kabisa na vitufe visiitike, volti 5 za upande wa kidijitali ndizo za kushukiwa kwanza.

Mngurumo mzito unaokua kadiri usiku unavyosonga ni kapasita kubwa za kuchujia umeme. Kwenye umeme wa hezi 50 mngurumo huo huwa wa hezi 100, kwenye umeme wa hezi 60 huwa wa 120. Mngurumo wa hezi 50 au 60 zenyewe kwa kawaida ni nyaya na ardhi, na hilo si la leo.

2. Toa kifaa kwenye raki, kijaribu nje

Jaribio hili ni la bure na watu huliruka. Weka kifaa juu ya meza, hewa ipite juu na chini, kiache kikifanya kazi muda uleule uliokiangusha kwenye raki. Kikidumu nje na kuanguka ndani, usikifungue bado. Nenda hatua ya tatu na ya nne. Kikianguka hata nje, ruka hadi ya tano, lakini raki utairudia, maana joto lake ndilo pengine lililokifikisha hapo.

3. Hesabu wati

Umeme wote ambao efekti inaula huishia kuwa joto. Sauti inayotoka nyuma yake haina nguvu ya kuhesabika. Kwa hiyo kifaa kinachokula wati 25 ni hita ya wati 25. Soma kibandiko cha nyuma cha kila kimoja, jumlisha. Kibandiko hutaja kiwango cha juu, kwa hiyo jumla itazidi kidogo hali halisi, na hiyo ni salama. Ampu ya nguvu ihesabu peke yake, kwa sababu sehemu ya umeme wake huenda kwenye spika.

Tuseme umepata wati 200. Hizo ni balbu mbili za zamani za wati 100 ndani ya sanduku la mbao lililowekwa sponji. Ukitaka kujua hewa kiasi gani ipite ili joto lisipande kupita kiasi, zidisha wati kwa 3, kisha gawanya kwa nyuzi za Selsiasi unazokubali ziongezeke. Jibu ni mita za ujazo kwa saa. Wati 200 mara 3 ni 600. Ukikubali nyuzi 10 tu, unahitaji mita za ujazo 60 kwa saa. Feni zinazoandikwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha namba yake kwa 1.7 upate mita hizo. Namba ya kwenye feni hupimwa ikiwa wazi, haina kitu mbele. Ikikaa nyuma ya nyaya na matundu madogo, mimi huihesabu nusu.

Kwa nini nyuzi chache ziwe na maana? Kwa sababu joto hupandiana. Jukwaani nyuzi 32, raki inaongeza 15, mfuniko wa kifaa unaongeza 20, na kapasita iliyo pembeni ya regyuleta inaishi kwenye 67. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 85 hupata maisha maradufu kila unapoishusha nyuzi 10, kwa makadirio yanayotumika na watengenezaji wenyewe. Kwenye nyuzi 65 ni kama saa 8,000. Kwenye 45 ni kama 32,000. Kifaa ni kilekile, kapasita ni ileile, tofauti ni mahali ulipokipanga.

4. Panga raki upya

Anza na mfuniko wa nyuma. Nimeona raki nyingi zimefunguliwa mbele ili vitaa vionekane, nyuma zimefungwa kwa sababu nyaya hazipendezi. Toa mifuniko yote miwili, kila mara, hata kwa mazoezi ya nusu saa. Usisukume raki hadi igusane na ukuta au pazia. Acha angalau upana wa kiganja.

Yuniti moja ya raki ni milimita 44.45, na kifaa cha yuniti moja huijaza karibu yote. Vifaa viwili vikifuatana vinagusana, matundu ya mfuniko wa chini yanazibwa na tumbo la cha juu. Acha yuniti moja tupu juu ya kila kinachochemka, uweke paneli yenye matundu. Najua nafasi ni ghali. Ukiwa na nafasi moja tu ya kuacha, iweke juu ya preampu ya valvu.

Mpangilio wenyewe una mvutano. Joto hupanda, kwa hiyo kinachochemka sana kikikaa juu hakimpikii mwenzake. Lakini ampu ya nguvu ni nzito, na raki yenye uzito juu huanguka ikivutwa kwenye magurudumu. Ninavyofanya: ampu ya nguvu chini kabisa kama ina feni yake inayopuliza nyuma au mbele, efekti za kidijitali katikati, valvu juu. Ampu isiyo na feni inayomwaga joto lake juu kupitia mfuniko, hiyo naitengea sanduku lake.

Angalia pia matundu ya ubavuni. Kuna vifaa vinavyovuta hewa kushoto na kuitoa kulia, na ubao wa raki uko nusu sentimita kutoka hapo. Ukiongeza paneli ya matundu juu ya kifaa hicho hujakisaidia kitu. Hicho kinahitaji sanduku pana zaidi, au feni inayosukuma hewa kwenye ile korido nyembamba ya pembeni.

Ukiweka feni, iingize hewa chini mbele na kuitoa juu nyuma, ili ifuate njia ambayo joto lingepita lenyewe. Feni mbili za milimita 120 zinazozunguka taratibu zina kelele ndogo kuliko moja ya milimita 80 inayokimbia, na kwenye studio utashukuru. Hakikisha haishindani na feni za vifaa: shika kipande cha uzi mbele ya kila tundu, uone unavutwa au unasukumwa. Kuna jambo huwachanganya watu hapa. Bila feni, mapengo yanasaidia. Ukishaweka feni, pengo lililo karibu nayo ni wizi, kwa kuwa feni itavuta hewa hapohapo badala ya kuipitisha kwenye vifaa. Ziba hayo kwa paneli zisizo na matundu.

Adapta za ukutani zilizorundikwa nyuma ya raki nazo ni hita ndogondogo. Zitoe chini, zitenganishe, usizifunge pamoja kwa tepu.

Kabla hujamaliza na raki, kagua umeme unaoingia. Kifaa kilichotengenezwa kwa volti 100 kikachomekwa kwenye 120 kitafanya kazi, na kitachemka. Kilichowekwa 220 kikala 240, vivyo hivyo. Fikiria regyuleta inayopokea volti 9 na kutoa 5, mkondo ampea 0.8: inatupa volti 4 mara 0.8, yaani wati 3.2 za joto. Umeme wa ukutani ukipanda asilimia 10, inapokea karibu 9.9 na joto linafika wati 3.9. Asilimia 10 ya volti imezaa zaidi ya asilimia 20 ya joto. Na transfoma iliyoandikwa hezi 60 pekee huchemka zaidi kwenye hezi 50, hata volti zikiwa sawa. Kama kifaa kina swichi ya kuchagua volti, iweke kwenye kiwango kinacholingana na umeme ulionao, baada ya kuchomoa plagi.

5. Fungua kifaa, ukiwa umechukua tahadhari

Kwanza okoa sauti zilizohifadhiwa. Efekti nyingi za miaka ya 1980 na 1990 hutunza programu za mtumiaji kwa betri ndogo, mara nyingi CR2032 au mfano wake, iliyolehemiwa kwenye bodi. Ukiitoa, kila ulichohifadhi kinafutika. Kama kifaa kina MIDI, njia ya vifaa vya muziki kuwasiliana na kompyuta, rekodi kumbukumbu yote kwenye kompyuta kabla ya kugusa skrubu. Kama hakina, piga picha kila ukurasa wa skrini. Inachosha, lakini kumwambia mwanamuziki kwamba mwangwi wake wa miaka kumi umepotea inachosha zaidi.

Chomoa plagi, kuzima swichi hakutoshi. Vifaa vyenye pawa saplai ya kisasa isiyo na transfoma kubwa huhifadhi karibu volti 325 kwenye kapasita zake za mwanzo pale umeme wa ukutani unapokuwa 230. Preampu za valvu halisi mara nyingi zina volti 250 hadi 400. Subiri dakika kadhaa, kisha pima kwa mita. Kama volti bado zipo, zimwage kupitia rezista ya nguvu iliyoshikwa kwa nyaya zilizofunikwa vizuri, na upime tena. Kugusisha bisibisi hutoa cheche, huumiza kapasita, na ipo siku itakuumiza wewe. Kama hujawahi kushika vifaa vya volti hizo, hapa ndipo pa kumwachia fundi.

Sasa tumia macho na pua. Vumbi lililokaa kama zulia juu ya bodi, hasa kifaa kilichokaa jukwaani karibu na mashine ya moshi: ule moshi huacha utando unaonata na vumbi likagandia hapo. Lipulize kwa hewa kavu na brashi laini, ukishika mapanga ya feni yasizunguke. Kapasita zilizovimba kichwani au zenye majimaji miguuni. Nyingine huvuja zikatoa harufu kama ya samaki. Bodi iliyobadilika rangi chini ya regyuleta na rezista kubwa. Bodi ya kahawia bado inaweza kuwa nzima. Nyeusi na yenye kumomonyoka haifai tena.

Halafu geuza bodi, lete taa ya pembeni na lenzi. Tazama miguu ya regyuleta, ya transfoma, na ya soketi za nyuma. Lehemu nzima hupanda kwenye mguu kama mlima mdogo wenye mteremko mmoja. Iliyochoka ina duara jembamba jeusi kuuzunguka mguu, jembamba kama unywele, na ukiusukuma mguu kwa kijiti cha mbao utaona unacheza ndani ya duara lake. Kila unapowasha, chuma hutanuka. Kila unapozima, husinyaa. Baada ya miaka lehemu inakatika. Duara hilo nimelikuta kwenye vifaa vingi kuliko nilivyokuta chipu zilizokufa. Mtu ambaye hajawahi kuliona huagiza chipu ghali na kungoja mwezi mzima, kumbe tatizo lingeisha kwa sekunde tatu za chuma cha moto.

6. Pima kikiwa kinafanya kazi

Mkono mmoja mfukoni, mwingine kwenye mita, bila pete wala saa. Pima upande wa volti ndogo tu; pale umeme wa ukutani unapoingilia usiguse.

Volti 5 za kidijitali ziwe kati ya 4.75 na 5.25. Volti za sauti kwa kawaida ni jozi, chanya na hasi, kama 12 au 15. Andika namba kikiwa baridi, na tena baada ya dakika 40. Kinachoshuka kadiri joto linavyopanda ndicho unachokitafuta. Kisha weka mita kwenye umeme wa mkondo geu, upime kwenye volti 5 hizohizo: milivolti chache ni kawaida, ukiona mamia, kapasita za kuchujia zimechoka. Regyuleta za familia ya 7805, zile za kawaida za volti 5, huhitaji kama volti 2 za ziada kwenye mlango wa kuingilia. Kapasita mbovu zikiacha volti za kuingilia zishuke chini ya hapo kila wimbi linapobonyea, regyuleta mpya haitaponya kitu. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo, la kuibadilisha mara mbili.

Kipimajoto cha kulenga kwa mbali ni kizuri, lakini hudanganywa na chuma kinachong'aa: husoma joto la chini kuliko lililopo. Bandika kipande kidogo cha tepu nyeusi ya umeme juu ya bati la kupozea, ngoja kipate moto, lenga tepu. Usipokuwa nacho, tumia kidole kwenye sehemu za volti ndogo: unachoweza kukishika kwa kuvumilia kiko karibu na nyuzi 50, unachokiachia mara moja kimepita 60. Regyuleta huweza kufanya kazi kwenye joto hilo. Chipu ya kawaida ya sauti ikikuchoma kidole, ina tatizo.

Kwa hitilafu ya kuja na kupotea, tumia kikausha nywele na kopo la dawa ya kugandisha vijenzi. Pasha eneo moja dogo mpaka tatizo litokee, kisha puliza baridi kijenzi kimoja kimoja. Kile ambacho ukikipoza sauti inarudi, umekipata, au umeipata lehemu yake. Pasha kwa kiasi. Ukiunguza bodi nzima utatengeneza magonjwa ambayo hayakuwepo.

7. Tengeneza

Lehemu yenye duara jeusi: ondoa ya zamani yote, weka mpya. Kuyeyusha ileile tena ni kuahirisha.

Kapasita: thamani ileile, volti sawa au zaidi, aina ya nyuzi 105 hata kama ya zamani ilikuwa ya 85. Pima nafasi ya miguu na urefu kabla ya kununua, mfuniko wa yuniti moja hausamehi. Piga picha upande wa hasi ulipo kabla ya kutoa, kwa sababu bodi nyingine alama zake zina makosa. Kwenye pawa saplai za kisasa chagua zile za ukinzani mdogo wa ndani, la sivyo zitachemka zenyewe.

Regyuleta: safisha ile grisi nyeupe iliyokauka kama chokaa, paka mpya nyembamba. Grisi nyingi si bora. Inajaza mabonde madogo ya chuma, basi. Kama kati ya regyuleta na bati palikuwa na kipande cha mika au mpira, kirudishe, kisha pima kwamba bati halijaungana na mguu. Kuna moduli za kisasa zinazokaa mahali pa 7805 na hazichemki. Upande wa kidijitali nazitumia. Upande wa sauti sizipendi, huweza kuleta mlio mwembamba ambao utausikia kila mwangwi unapofifia.

Betri: kama ina zaidi ya miaka kumi, weka kishikio, ili mwingine asilazimike kulehemu.

Mita ikionyesha kwamba upande wa kuingilia wa transfoma umekatika, huenda fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya nyuzi zake imekatika. Usiiruke kwa kuunganisha ncha zake kwa waya. Fyuzi hiyo ndiyo kinga ya mwisho dhidi ya moto. Badilisha transfoma, au weka fyuzi ya kiwango kilekile cha joto pale inapofikika, baada ya kujua kilichoikata. Na kama kilichokufa ni chipu kuu ya kuchakata sauti, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kifaa hicho pekee, tafuta kifaa kibovu cha aina hiyohiyo cha kuchinjia vipuri, au ukubali.

8. Jaribu ndani ya raki

Kirudishe mahali pake, majirani wote wakiwa wamewashwa, sauti ikipita. Weka kipimajoto chenye waya mwembamba juu ya mfuniko wake, waya utokee nyuma. Andika joto kila dakika 15 kwa saa mbili. Ukiona namba imetulia baada ya saa ya kwanza, raki imepata mizani yake. Ikiwa bado inapanda saa ya pili, hewa haitoshi. Ongeza pengo au feni kabla ya kukipeleka jukwaani. Joto la mwisho na tarehe viandike kwenye tepu ya karatasi, uibandike ndani ya ubavu wa raki. Mwaka ujao kikianza kulalamika, utapima tena na kujua papo hapo kama ni vumbi limeziba feni au ni kifaa chenyewe.